Akili ya Ruta: Kuhuisha na Kubadilisha Programu Inayoendesha Intaneti ya Nyumbani

Kata ya Mikocheni, katika Wilaya ya Kinondoni jijini Dar es Salaam, ni mojawapo ya sehemu za nchi yetu ambako intaneti imeingia majumbani kama vile maji na umeme vilivyoingia zamani. Waya mwembamba wa faiba hupita nguzoni, hutoboa ukuta, na kuishia katika kisanduku kidogo cha plastiki chenye taa za kijani. Kisanduku hicho ndicho ruta. Watoto hukitumia katika masomo, wazazi hukitumia kupokea habari na kutuma fedha, na pengine wapangaji wa vyumba vya uani huchangia gharama zake. Hata hivyo, ni watu wachache wanaokikumbuka kabla ya siku kinapogoma.

Yapo mazoea ya kuihesabu ruta kuwa ni kifaa kama pasi au feni: hununuliwa, huchomekwa, na hutumika mpaka kiharibike. Mazoea hayo yana kosa moja kubwa. Pasi ya kawaida haina programu ndani yake, ruta inayo. Plastiki na shaba ya ruta zaweza kudumu miaka kumi, lakini programu yake huanza kuzeeka tangu siku inapotoka kiwandani. Makala hii inakusudia kueleza programu hiyo ni kitu gani, kwa nini huzeeka, na namna ya kuihuisha au kuibadilisha kwa utaratibu bila ya kukiua kifaa chenyewe.

Ruta ni kompyuta

Ukiifungua ruta utaona ubao wenye sehemu zile zile za kompyuta. Ipo prosesa, ambayo hufanya mahesabu. Ipo kumbukumbu ya muda, yaani RAM, ambayo husahau kila kitu umeme ukikatika. Ipo kumbukumbu ya kudumu iitwayo flashi, ambayo hutunza habari hata pasipo umeme. Ipo pia redio ndogo inayorusha na kupokea mawimbi ya masafa ya gigahezi 2.4 au 5, na mawimbi hayo ndiyo waifai. Kinachokosekana ni skrini na kibodi tu.

Kazi yake ni ya karani na bawabu kwa pamoja. Kwa kawaida kampuni ya intaneti huipa nyumba anwani moja tu. Ruta huitumia anwani hiyo kwa niaba ya simu, kompyuta na televisheni zote za nyumbani, kama karani wa masjala anayepokea barua za ofisi nzima kwa sanduku moja la posta, kisha akazigawa kwa wenyewe. Aidha, ruta huamua ni nani aingie na ni nani azuiwe mlangoni. Maagizo yote ya kazi hizo mbili yameandikwa katika programu ya ndani ambayo mafundi huiita fimwea.

Neno hilo lilitumiwa na Mmarekani Ascher Opler mwaka 1967. Alitaka jina la kitu kilicho kati ya mitambo yenyewe, ambayo haibadiliki, na programu za kawaida, ambazo hubadilishwa kila siku. Zamani fimwea iliandikwa kiwandani mara moja tu, na kosa lililokuwamo lilibaki humo daima. Hali hiyo ilibadilika baada ya Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba ya Japani kuitangaza flashi mwaka 1984. Tangu hapo ikawa rahisi kwa mtu aliye nyumbani kufuta na kuandika upya fimwea ya kifaa chake.

Ubao unaofutwa kwa mafungu

Yafaa tuifahamu flashi vizuri, kwa kuwa hatari zote za kuhuisha ruta zinatokana na maumbile yake. Ndani ya flashi zimo seli ndogo mno. Kila seli ina kijumba kilichozungukwa na kihami, na elektroni zikisukumwa kuingia humo hunaswa na kubaki kwa miaka mingi. Seli isiyo na elektroni zilizonaswa husomeka kuwa 1. Iliyo nazo husomeka kuwa 0. Kuandika, basi, ni kugeuza 1 kuwa 0. Lakini kugeuza 0 kuwa 1 hakuwezekani kwa seli moja moja. Hapana budi kufuta fungu zima la seli kwa mara moja. Katika ruta nyingi fungu hilo ni la kilobaiti 64, hivyo flashi ya megabaiti 16 ina mafungu 256.

Kuhuisha fimwea, kwa hiyo, ni kama kufuta ubao wa darasani na kuandika somo jipya, fungu baada ya fungu. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, sehemu moja ya ubao hubaki na somo la jana, nyingine ina somo la leo, na kati yake pana nafasi tupu. Prosesa inapowashwa tena hukuta maagizo yasiyoungana, nayo husimama. Ndiyo sababu kila kitabu cha maelezo huonya kwamba ruta isizimwe wakati wa kuhuishwa.

Watengenezaji wameweka tahadhari zao. Ruta nyingi zina programu ndogo ya kuanzishia, ambayo hukaa mwanzoni mwa flashi na haiguswi wakati wa kuhuisha. Kwa msaada wa programu hiyo, fundi huweza kuifufua ruta iliyokufa kwa kuipelekea faili kwa njia ya waya. Ruta nyingine zina nafasi mbili za fimwea, ili ile ya zamani ibakie mpaka mpya ithibitike kuwa ni nzima. Hata hivyo si ruta zote zenye bahati hiyo, na mwenye nyumba hana njia rahisi ya kujua kabla ya kujaribu.

Kwa nini programu huzeeka

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa maandishi ya flashi hayabadiliki yenyewe, programu inazeekaje? Jibu ni kwamba dunia inayoizunguka ndiyo inayobadilika. Kosa lililojificha ndani ya fimwea hugunduliwa na mtu fulani, habari zake huenea, na kuanzia siku hiyo kila ruta yenye kosa hilo huwa ni nyumba ambayo ufunguo wake umezagaa mitaani. Mtengenezaji mwangalifu hutoa fimwea mpya iliyosahihishwa. Asiyeiweka hubaki na mlango wazi.

Madhara yake yamekwisha kuonekana. Mwaka 2011 nchini Brazil, modemu zipatazo milioni 4.5 ziliingiliwa kwa kutumia kosa la fimwea. Wahalifu walibadilisha humo anwani za seva za DNS, yaani kile kitabu kinacholinganisha majina ya tovuti na anwani zake. Mtu aliandika jina sahihi la tovuti, lakini akapelekwa kwenye ukurasa wa bandia. Hakuna aliyegusa kompyuta yake. Aliyehadaiwa alikuwa karani wa mlangoni. Kwa familia inayotumia benki kwa njia ya intaneti, hatari ya jambo hili haihitaji maelezo marefu.

Kisa cha pili kinaihusu Afrika. Mwishoni mwa Novemba 2016, wateja wapatao 900,000 wa kampuni ya Deutsche Telekom ya Ujerumani walipoteza mawasiliano baada ya ruta zao kushambuliwa. Mahakamani Cologne mwaka 2017, Mwingereza mmoja alikiri kosa hilo, na ikaelezwa kwamba alikuwa akikusanya jeshi la vifaa vya kushambulia kampuni ya simu ya nchini Liberia, kwa ujira aliolipwa na washindani wake. Jeshi hilo lilitokana na programu haribifu iitwayo Mirai, ambayo iliingia katika vifaa vya watu kwa kujaribu orodha fupi ya majina na maneno ya siri yaliyowekwa kiwandani na kuachwa vilevile. Ruta ya sebuleni, ambayo mwenyewe anaiona haina kitu cha kuibwa, yaweza kuwa askari katika vita asivyovijua.

Wengi wetu huzima ruta na kuiwasha tena, tukiamini kwamba tumeisafisha. Kuwasha upya husafisha RAM peke yake. Programu haribifu iliyopewa jina la VPNFilter, iliyogunduliwa Mei 2018 katika ruta na vifaa zaidi ya 500,000 kwenye nchi zisizopungua 54, iliweza kubaki ndani ya flashi hata baada ya kifaa kuzimwa na kuwashwa.

Kwanza chunguza

Si kila intaneti inapokuwa nzito kosa ni la ruta. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy ilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania na katika nchi jirani. Siku hiyo hakuna fimwea ambayo ingeweza kumsaidia mtu. Kipimo ni chepesi: ikiwa simu yako inaufikia ukurasa wa ruta yenyewe pasipo taabu lakini haifiki nje, yamkini tatizo liko upande wa kampuni au mbali zaidi.

Swali la pili ni la umiliki. Ruta nyingi za faiba hutolewa na kampuni ya intaneti, na fimwea yake huhuishwa na kampuni hiyo kutoka mbali. Ruta ya namna hiyo usiibadilishe. Iulize kampuni iwapo imehuishwa, na ikiwa ni ya miaka mingi omba wakubadilishie. Maelezo yafuatayo yanaihusu ruta uliyoinunua wewe mwenyewe, iwe dukani au kwa mtu aliyekwisha kuitumia. Wanafunzi wakumbuke kwamba kuingia katika kifaa cha mtu mwingine bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Hatua za kuhuisha

1. Soma kibandiko kilicho chini ya ruta. Andika jina la modeli pamoja na toleo la kifaa, kwa mfano V1 au V2. Ruta mbili zenye jina moja na sura moja zaweza kuwa na prosesa tofauti ndani, na fimwea ya moja itaiua nyingine.

2. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, usitumie waifai. Waifai huzimika katikati ya kazi, na faili laweza kufika pungufu. Fungua ukurasa wa ruta, ambao anwani yake kwa kawaida ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, kisha uandike namba ya fimwea iliyomo.

3. Pata faili jipya kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, wala usilipokee kutoka kwa mtu njiani. Fimwea ovu ina nguvu ya kuua: kati ya tarehe 25 na 27 Oktoba 2023, ruta zaidi ya 600,000 za kampuni moja ya Marekani ziliharibiwa kiasi cha kulazimika kubadilishwa zote. Watengenezaji wengi huchapisha pamoja na faili alama ya uhakiki iitwayo SHA-256, ambayo ni mfululizo wa tarakimu na herufi 64 unaopatikana kwa kulikokotoa faili zima. Kokotoa alama ya faili ulilolipata na uilinganishe. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, faili hilo si lile lililokusudiwa, lifute.

4. Hifadhi mipangilio ya zamani. Andika kwenye daftari jina na neno la siri ambalo kampuni ya intaneti imekupa kwa ajili ya kuunganisha ruta. Bila hayo, ruta iliyohuishwa salama bado haitatoka nje ya nyumba.

5. Hakikisha umeme, kama itakavyoelezwa hapa chini, kisha uanze.

6. Subiri. Kazi huchukua dakika chache, na taa hupepesa kwa namna isiyo ya kawaida. Usibonyeze kitu wala usichomoe waya kwa sababu ya wasiwasi. Ruta nyingi hujiwasha upya zenyewe zinapomaliza.

7. Baada ya hapo, hakiki namba mpya ya fimwea. Badili neno la siri la ukurasa wa ruta na lile la waifai, yasifanane. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Zima uwezo wa kuisimamia ruta kutoka nje ya nyumba. Ikiwa unashuku kwamba iliingiliwa, irudishe katika hali ya kiwandani na uandike mipangilio upya kwa mkono, maana nakala iliyohifadhiwa yaweza kuurudisha uovu ule ule.

Suala la umeme

Wakazi wa Dar es Salaam wanaukumbuka mgawo wa umeme wa mwaka 2006 na ule wa 2011, na hata pasipo mgawo umeme huweza kukatika ghafla. Kwa bahati njema ruta hutumia umeme kidogo. Adapta yake mara nyingi huandikwa volti 12 na ampea 1. Nguvu ni volti mara ampea, yaani wati 12. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84; kwa hesabu ya karatasi yaweza kuiendesha ruta kwa saa 7, na hata tukipunguza nusu kwa ajili ya upotevu na uchakavu, bado ni zaidi ya mahitaji ya dakika tano.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, linganisha volti na upande wa chanya na hasi kama ulivyochorwa kwenye kibandiko cha adapta. Ruta nyingine ni za volti 9 au 5. Pili, usiiunge ruta moja kwa moja na betri inayochajiwa, kwani volti zake hupanda kufikia 14 au zaidi. Asiye na ujuzi huo na atumie kifaa cha akiba ya umeme kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Kompyuta nayo iwe ya mkononi, yenye betri iliyojaa.

Mtengenezaji anapoiacha ruta

Hufika siku ambapo mtengenezaji hatoi tena fimwea kwa modeli ya zamani. Je, ruta itupwe? Jibu lilipatikana kwa njia isiyotarajiwa. Mwezi Desemba 2002, kampuni ya Linksys ilitoa ruta iitwayo WRT54G. Mwaka uliofuata wataalamu waligundua kwamba fimwea yake ilijengwa juu ya Linux, programu ambayo leseni yake humlazimu anayeisambaza kuonyesha maandishi yake ya asili. Linksys, ambayo mwaka huo huo ilinunuliwa na Cisco, iliyatoa maandishi hayo mwaka 2003. Kutokana nayo, mwaka 2004, ukaanza mradi wa OpenWrt, ambamo wataalamu wa nchi mbalimbali hutengeneza fimwea huria kwa ruta za kampuni nyingi, na huendelea kuzisahihisha hata baada ya watengenezaji kuziacha.

Anayetaka kuweka fimwea ya namna hiyo huzifuata hatua zile zile saba, akiongeza mambo matatu. Kwanza, ahakikishe kwamba modeli yake, pamoja na toleo la kifaa, imo katika orodha ya mradi. WRT54G yenyewe ni somo: toleo lake la tano lilipunguziwa flashi kutoka megabaiti 4 hadi 2 na RAM kutoka 16 hadi 8, na Linux ya kawaida ikakosa nafasi, ingawa boksi lilibaki lile lile la rangi ya buluu na nyeusi. Pili, apime kumbukumbu: ruta zenye flashi ya megabaiti 4 na RAM ya megabaiti 32 hazipokei tena matoleo mapya ya OpenWrt, na mradi hushauri megabaiti 16 za flashi na 128 za RAM. Tatu, katika mipangilio ya redio achague Tanzania kuwa nchi yake, maana kila nchi ina kanuni zake za masafa na nguvu ya mawimbi, na hapa kwetu zinasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Ruta isiyo na fimwea mpya ya mtengenezaji wala nafasi ya fimwea huria, yafaa iondolewe mlangoni, hata kama taa zake zingali zinawaka vizuri. Shuleni bado yaweza kuwa chombo cha mafunzo, ikitenganishwa na intaneti. Mnunuzi naye, anapokuwa Kariakoo au penginepo, asitazame wingi wa antena peke yake. Aulize modeli hiyo ilitoka mwaka gani, na fimwea yake ya mwisho ilitolewa lini. Bei rahisi ya kifaa kilichokwisha kuachwa na mtengenezaji ni gharama iliyoahirishwa.

Kazi kwa wanafunzi

(a) Kila mwanafunzi, kwa idhini ya wazazi au walezi wake, aandike modeli, toleo la kifaa na namba ya fimwea ya ruta ya nyumbani. Darasa litengeneze jedwali, kisha litafute ni ruta ngapi zina fimwea ya kisasa, na ngapi zimeachwa na watengenezaji. Majina ya watu na maneno ya siri yasiandikwe.

(b) Chukua faili lolote la maandishi, kokotoa alama yake ya SHA-256, badili herufi moja tu, kisha ukokotoe tena. Eleza unachokiona, na kwa nini tabia hiyo inafaa katika kuhakiki fimwea.

(c) Ruta ina flashi ya megabaiti 8 yenye mafungu ya kilobaiti 64. Ikiwa kufuta na kuandika fungu moja huchukua sekunde 1, kuandika flashi yote kutachukua muda gani? Kokotoa nishati itakayotumiwa na ruta ya wati 12 kwa muda huo.

(d) Jadilini: ni haki mtengenezaji kuacha kusahihisha programu ya kifaa ambacho bado kinatumika majumbani? Sheria ya nchi ingefaa kumtaka aihudumie kwa miaka mingapi?